Kenyatta Avenue: Barabara Iliyopimwa kwa Maksai

Maksai 16 waliofungwa nira wawili wawili hawageuki upesi. Wakiwa na gari zito nyuma yao, wanahitaji uwanja. Ndiyo maana Kenyatta Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, ni pana kuliko barabara nyingi za rika lake. Waliopanga mji mwanzoni mwa karne ya 20 walitaka gari la walowezi livutwalo na ng'ombe liweze kuzunguka na kurudi lilikotoka bila kufunguliwa nira. Wakati huo barabara haikuwa na jina la mtu. Iliitwa Sixth Avenue, Barabara ya Sita, na kwa sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope zito jeusi wakati wa masika.

Nairobi yenyewe haikukusudiwa kuwa jiji. Mwishoni mwa Mei 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika kwenye uwanda wenye kinamasi ambako Wamaasai walinywesha mifugo yao. Mbele yake kulikuwa na mwinuko wa nyanda za Wakikuyu, kisha Bonde la Ufa. Wahandisi walihitaji mahali pa kutua, pa kuweka karakana na kupumzisha injini kabla ya kupanda. Basi wakajenga kambi. Mwaka huohuo John Ainsworth, mtawala wa mkoa wa Ukamba, akahamisha ofisi yake kutoka Machakos hadi kambini, na mji ukapata serikali kabla ya kupata mitaro ya maji machafu. Mnamo 1902 tauni ilizuka, wakuu wakauchoma moto mtaa wa maduka ya Wahindi. Walikuwepo waliosema mji uhamishwe pahali pakavu. Haukuhamishwa. Mnamo 1905 makao makuu ya utawala yakatoka Mombasa yakaja huku juu, na kinamasi kikawa makao makuu ya himaya.

Ainsworth alipanda mikaratusi ili inyonye maji ya kinamasi na kuupa mji kivuli. Ni jambo linalostahili kukumbukwa kwa heshima, kwa sababu mji ulihitaji miti kweli. Lakini jina lake litarudi tena katika habari hii, na safari hiyo si kwa miti.

Barabara ya Sita ilianza Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, ikaelekea magharibi hadi kwenye mteremko wa kilima walikoishi maofisa Wazungu. Kaskazini yake walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Bazaar Street, leo Biashara Street, na msikiti wa Jamia ambao jengo lake la sasa lilijengwa kati ya 1925 na 1933. Waafrika waliwekwa mbali zaidi, upande wa mashariki, katika vijiji kama Pangani, na baadaye Pumwani, ambako Waislamu waliozungumza Kiswahili walikuwa na nyumba zao na madrasa zao. Kila asubuhi watu hao waliingia mjini kufagia, kupika, kubeba, kujenga na kuandika katika ofisi. Jioni walitakiwa watoke. Upana wa barabara haukuwa upana wa kila mtu.

Jengo la kale lililo maarufu kuliko yote katika barabara hii ni hoteli ya Stanley, na asili yake ni mwanamke mshonaji. Mayence Bent alianza kupangisha vyumba Victoria Street, leo Tom Mboya Street, mnamo 1902, juu ya duka. Moto wa 1905 ukaiteketeza nyumba hiyo. Akahamia Government Road, akaanza upya, na mnamo 1913 yeye na mshirika wake wakafungua New Stanley kwenye kona ya Barabara ya Sita na Hardinge Street, mahali ilipo mpaka leo. Waliofika kwa treni kwenda kuwinda walilala hapo. Waliokuja kutafuta mashamba walilala hapo pia, na wengi waliondoka wakiwa wameyapata. Mnamo 1947 hoteli ikanunuliwa na Abraham Block, Myahudi aliyefika Kenya akiwa kijana mnamo 1903 bila mali ya kutaja.

Hata soko la hisa lilianzia hapo. Kabla ya Nairobi Stock Exchange kusajiliwa mnamo 1954, madalali walikutana hotelini, wakaafikiana bei za hisa huku wakinywa kahawa. Walikuwa Wazungu. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara hiyo mpaka uhuru ulipofika. Yaani mtu aliyeileta kahawa mezani hakuweza kununua hata hisa moja ya kampuni iliyoilima.

Mbele ya Stanley, ng'ambo ya pili, Ewart Grogan alijenga hoteli yake ya matofali, Torr's, mnamo 1928. Baada ya miaka 30 iligeuzwa benki, na ni benki hadi leo. Vitabu vya walowezi humkumbuka Grogan kwa safari yake ya kuvuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Nairobi ina kisa chake kingine cha kumkumbukia. Mnamo Machi 1907, mbele ya mahakama ya mji na mbele ya umati wa Wazungu, Grogan aliwachapa viboko wavuta riksho watatu wa Kikuyu kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliowabeba. Hakimu alikuwepo na alimsihi asifanye hivyo. Alifanya. Baadaye alishtakiwa, akapewa kifungo kifupi, na maisha yake yakaendelea vizuri. Anayetaka kujua habari za Grogan atapata vitabu kadhaa. Anayetaka kujua habari za wale watatu, namna walivyopona, walikorudi, waliowauguza, atahangaika sana.

Hapo ndipo penye moyo wa historia ya Kenyatta Avenue. Kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa mahali ambapo serikali na matajiri huandika majina kwa herufi kubwa, juu ya mawe, milango na vibao. Chini ya majina hayo wamepita watu wengi ambao walitambuliwa kwa namba tu.

Namba hizo zilikuwa na nyumba yao. Kwenye barabara hiyohiyo lipo jengo la mawe lenye mnara mdogo, lililokamilika mnamo 1913 kama ghala la bidhaa za reli. Baadaye lilitumiwa kuandikisha Waafrika na kuwapa vipande, na tangu hapo likaitwa Kipande House. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mnamo 1915, lakini ilianza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe ya kuanza na kuacha kazi. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kikafungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Wenyewe walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Ukali wa kipande haukuwa katika kikopo. Ulikuwa katika ule mstari wa tarehe ya kuacha kazi. Mwajiri asipoujaza na kutia sahihi, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine, na akiondoka hivyohivyo alikuwa mtoro mbele ya sheria. Polisi aliweza kumsimamisha popote barabarani na kusoma maisha yake yote kwa dakika moja. Mshahara wa kazi iliyopita uliandikwa pia, kwa hiyo mwajiri mpya alijua aanzie wapi kubana. Hiki kilikuwa chombo cha kushusha ujira, kilichobuniwa kwa makini, na ni haki kukitaja hivyo.

Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina, alilichukua jambo hilo pamoja na kodi ya kichwa na kupunguzwa kwa mishahara, akalifanya hoja ya mkutano wa hadhara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, umbali mfupi kutoka Barabara ya Sita. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao, akajitoma mbele. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli ya Norfolk wanatajwa kufyatua zao. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walihesabu zaidi. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni kwa miaka mingine zaidi ya 20.

Katika mwaka huohuo wa 1922, baraza la mji wa Nairobi lilimwajiri kijana mmoja kutoka Kiambu aliyejulikana kama Johnstone Kamau. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo na kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Alizijua barabara za mji na milango yake ya nyuma kuliko madiwani waliomlipa. Miaka ya baadaye akajiita Jomo Kenyatta.

Lakini kabla ya Kenyatta alitangulia Delamere. Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, aliingia nchi hii kwa miguu kutoka upande wa Somalia mwishoni mwa karne ya 19, akaipenda, akarudi kukaa. Serikali ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Alijaribu kondoo, wakafa. Akajaribu ng'ombe, wakafa. Akajaribu ngano, ikaliwa na ukungu, naye akagharamia utafiti wa mbegu zinazostahimili ugonjwa huo. Alikuwa mkulima mwenye moyo mgumu, na kiongozi wa walowezi waliotaka nchi itawaliwe na wao pekee. Alipofariki mnamo Novemba 1931 walowezi walimwomboleza kama baba wa koloni. Barabara ya Sita ikaitwa Delamere Avenue, na sanamu yake ya shaba ikawekwa karibu na New Stanley. Mtu aliyetembea hapo miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, alipita chini ya macho ya Delamere akiwa na pasi mfukoni. Asiyekuwa nayo aliishia ndani ya lori la polisi. Katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walizolewa kutoka Nairobi na kupelekwa kambini.

Uhuru ulipofika mnamo 1963, sanamu iling'olewa ikapelekwa Soysambu, shamba la ukoo wa Delamere karibu na Nakuru. Barabara ikapewa jina la msoma mita.

Mabadiliko hayo hayakuishia hapo. Hardinge Street, iliyobeba jina la kamishna wa kwanza wa himaya, ikawa Kimathi Street. Sadler Street ikawa Koinange Street, kwa heshima ya chifu Koinange wa Mbiyu, aliyezuiliwa na Waingereza akiwa mzee. Stewart Street ikawa Muindi Mbingu Street, kwa heshima ya yule aliyewaongoza Wakamba mnamo 1938 kuja Nairobi kupinga ng'ombe wao kutwaliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Eliot Street ikawa Wabera Street, kwa jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru. Leo mtu akishuka Kenyatta Avenue, kona nyingi anazovuka zinamtajia mtu aliyepigania ardhi, mifugo au nchi. Ni kazi njema iliyofanywa na vibao vya barabarani, na ingefaa shule za Nairobi ziwalete watoto hapa kufundishwa historia kona kwa kona.

Kimathi alisubiri zaidi kupata sura. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni dhidi ya Waingereza, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa mahali pasipowekwa alama. Sanamu yake ya shaba, kazi ya Kevin Oduor, ilizinduliwa tarehe kama hiyo mnamo 2007, miaka 50 kamili baadaye, kwenye barabara yenye jina lake, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Ana rasta, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Jiji lilikuwa limeishi na jina lake kwenye kibao kwa miongo minne kabla ya kuthubutu kumwonyesha alivyokuwa.

Si kila alama ya wakoloni iliondolewa. Kwenye kona ya Koinange Street umebaki mnara wa Lionel Douglas Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki mnamo 1919, mtu aliyefungua njia ya gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mnamo 1926. Juu yake kumeandikwa umbali wa miji mbalimbali. Mbele zaidi, inapokutana na Uhuru Highway, liko jengo dogo la mawe la 1913, zamani ofisi ya mambo ya wenyeji na baadaye ya mkuu wa mkoa, ambako watu wa Nairobi walikwenda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Sasa ni Nairobi Gallery, na ndani yake imehifadhiwa sehemu ya mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Murumbi alikaa katika cheo hicho kwa miezi michache tu mnamo 1966, kisha akajiuzulu na kuyatoa maisha yake yaliyobaki kwa vitabu na kazi za mikono za Afrika. Kenya imepata mawaziri wengi. Wakusanyaji kama yeye imepata wachache mno.

Maisha ya kila siku ya barabara hii, hata hivyo, hayako kwenye minara. Yako kwenye kingo zake. Stanley ilifungua mkahawa wa nje mnamo 1959 ukaitwa Thorn Tree, kwa sababu ya mti wa mgunga uliopandwa katikati yake. Wasafiri walioelekea Kampala, Cairo au Cape walibandika barua kwenye ubao uliofungwa shinani: nimeondoka Jumanne, nifuate Lamu. Mti wenyewe umebadilishwa zaidi ya mara moja, lakini desturi iliendelea kwa miaka mingi. Chini kidogo, kwenye kona ya Muindi Mbingu Street, Simmers ilikuwa mahali pa nyama choma na muziki wa Lingala hadi usiku wa manane, mpaka ilipobomolewa mnamo 2018. Wang'arisha viatu bado wanakaa na viti vyao virefu, mteja juu na gazeti mkononi, fundi chini na brashi mbili. Mkono wake hausimami hata anapobishana kuhusu siasa, na mara nyingi anamshinda mteja kwa hoja.

Ng'ambo ya Uhuru Highway, ambayo tangu 2022 imefunikwa na barabara ya juu inayounganisha uwanja wa ndege na Westlands, Kenyatta Avenue inapanda kuelekea Valley Road. Upande mmoja kuna Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Kenyatta mnamo 1969. Upande wa pili kuna kanisa kuu la All Saints. Jiwe lake la msingi liliwekwa mnamo 1917, wakati wa vita, na jengo halikukamilika mpaka 1952. Lilikusudiwa kuwa kanisa la kifahari la koloni. Historia ilipanga vingine.

Mnamo 1989 serikali ya Rais Moi na chama cha KANU ilipanga kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwanamazingira Wangari Maathai akapinga, peke yake mwanzoni, akatukanwa bungeni, na wafadhili wakajitoa. Bustani ikapona. Miaka mitatu baadaye, tarehe 28 Februari 1992, alirudi kwenye kona ya bustani hiyo pamoja na akina mama wazee ambao wana wao walifungwa kwa sababu za kisiasa. Waliketi chini, wakagoma kula, wakadai wafungwa 52 waachiliwe. Mmoja wao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa akazirai. Hapo baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari wenye umri wa watoto wao, kitendo ambacho katika mila zao ni laana nzito kuliko silaha yoyote, na askari wakageuza nyuso.

Waliingia kanisani. Provosti Peter Njenga akawapa chumba cha chini ya kanisa, nao wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakipika, wakiimba, wakipokea wageni, na kwa siku kadhaa wakizungukwa na polisi wenye silaha. Mapema mwaka 1993 wafungwa wote waliowadai, isipokuwa mmoja, walikuwa huru. Vyama, wanasheria na mabalozi walikuwa wamejaribu njia nyingi. Akina mama walishinda kwa kukaa.

Tarehe 7 Julai 1997 askari wa kutuliza ghasia waliingia mpaka ndani ya kanisa hilohilo wakiwafuata waliodai mageuzi ya katiba, wakawapiga kati ya viti vya ibada huku gesi ikijaa. Mchungaji Timothy Njoya aliumizwa vibaya siku hiyo. Na Juni 2024 vijana waliopinga mswada wa fedha walijaza barabara za kati za jiji, Kenyatta Avenue ikiwa mojawapo, kabla ya umati kuingia Bunge tarehe 25. Watu waliuawa. Rais William Ruto alitangaza kesho yake kwamba hatautia sahihi mswada huo. Upana uliopimwa kwa maksai umekuwa, kizazi baada ya kizazi, nafasi ya watu kusimama wengi pamoja.

Imebaki sanamu moja, nayo ni muhimu kuliko zote.

Ni ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza: wanaume watatu wa shaba juu ya msingi wa jiwe, karibu kabisa na msongamano wa magari. Wawili wana silaha, mmojawapo akiwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Wa tatu hana bunduki. Ni mpagazi. Sanamu hii ilizinduliwa mnamo 1928, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyetengeneza pia sanamu ya askari ya Mombasa na ile ya Samora Avenue, Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka mmoja kabla. Maandishi yako katika Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja askari, na yanawataja wapagazi kama mikono na miguu ya jeshi. Maneno ya kumalizia yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyempoteza mwanawe wa pekee, John, katika vita hiyohiyo huko Loos mnamo 1915. Yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Juu ya jiwe hakuna jina hata moja la mpagazi.

Vita ya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki haikuwa na reli ya kutosha wala magari ya kutosha, na farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni vichwa vya watu. Askari mmoja aliyekuwa msituni kule kusini ya Tanganyika alihitaji wapagazi kadhaa wa kumfikishia chakula na risasi, na wapagazi hao nao walikula njiani, kwa hiyo walihitaji wapagazi wengine. Mnamo 1917 serikali iliamua kuwakusanya kwa wingi na kwa nguvu. Aliyeteuliwa kuwa kamishna wa kijeshi wa vibarua, ili asimamie zoezi hilo, alikuwa John Ainsworth, mpanda mikaratusi. Machifu walipewa idadi ya kutimiza. Vijiji vya Ukamba, Nyanza na Pwani vilibaki na wanawake, wazee na watoto. Waingereza waliandikisha zaidi ya wapagazi 400,000 kutoka nchi za ukanda huu, na hesabu rasmi, ambayo ni ndogo, ilitambua vifo zaidi ya 40,000. Risasi hazikuwaua wengi wao. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga usioiva vizuri uliopewa watu waliozoea chakula kingine.

Oscar Watkins, aliyeliongoza jeshi hilo la wapagazi, alijua walivyokufa, na baada ya vita alipigania mishahara ya marehemu ambayo haikuchukuliwa ilipwe kwa manufaa ya watu wao. London ilikataa. Sababu iliyotolewa, kwamba warithi hawakupatikana, ilikuwa sababu ya watu ambao hawakuwatafuta. Jina la kikosi, Carrier Corps, lilibaki katika vinywa vya wenyeji kama Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam, mitaa iliyokua palipokuwa kambi zao. Ukumbusho wa kweli wa wapagazi ulikuwa soko.

Mnamo Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, kwa sababu wakuu wa wakati ule waliona kwamba mwenyeji wa Afrika hahitaji jiwe lenye jina lake. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakipekua kumbukumbu za kijeshi zilizohifadhiwa Kenya, daftari baada ya daftari, na wamepata majina zaidi ya 3,000. Baadhi yana kijiji na chifu pembeni, kwa hiyo inawezekana kuwafuata jamaa zao na kuwaambia babu alifia wapi. Wapagazi wengine maelfu kwa maelfu bado hawajapatikana, na kazi ya kuwatafuta inaendelea.